Laivu na Zumari

Kanda ya video ikichakaa haitupwi. Wakulima wa Issuna huufumua utepe wake mweusi, wakaufunga kwenye vijiti kutoka upande mmoja wa shamba la uwele hadi mwingine, na upepo wetu wa Singida, ambao haujui kupumzika, hufanya kazi iliyobaki. Utepe unalia, ndege wanaogopa, wanakwenda kula kwa jirani. Niliusikia mlio huo juzijuzi, nilipokwenda kule kununua vitunguu, siku chache baada ya arobaini ya baba, nikasimama njiani na kikapu changu nikashindwa kuendelea. Mwenye shamba, mama wa makamo, alinisalimu akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nasikiliza tu. Akacheka, akasema labda ndani yake mna picha ya Kihindi. Sikumwambia kwamba mimi nilimjua mtu aliyemalizwa na kanda ya video, na kwamba mkono wangu ulikuwamo.

Ninyi wa rika langu mnaukumbuka wakati ule. Foleni za sabuni zilikuwa zimekwisha, na maduka yakaanza kujaa vitu ambavyo hatukujua matumizi yake. Watu waliokuwa wanauza kwa kujificha sasa waliuza barazani, wamekunja nne. Mjomba wangu Shabani, kaka yake mama, alikuwa mmoja wao. Babu yao alitoka pwani na mzigo wa chumvi na kaniki, akaoa hapa mjini, akafia hapa hapa, lakini ukoo mzima ulibaki na imani kwamba Kiswahili ni mali yao na sisi wengine tumeazimwa. Baba yangu alikuwa Mnyaturu wa Mungaa. Akisema "kiti imevunjika", mama alikuwa anafunga macho kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Baba alikuwa anacheka, anarudia kusudi.

Lakini baba akiimba, hakuna aliyemsahihisha. Alikuwa mwimbaji wa bendi ya shirika, lile lililokuwa likinunua ngozi na alizeti mkoani kwetu. Siku hizo kila shirika lenye heshima lilikuwa na bendi yake, na mwimbaji aliandikwa kazini kama karani au mlinzi. Watu walimwita Zumari. Sauti yake ilitokea puani kidogo, ikapanda pole pole, ikakaa juu bila kutetemeka, na mama aliniambia siku moja, akiwa hana haja ya kunificha, kwamba aliikimbilia sauti kabla hajamjua mwenyewe.

Kisha nikasikia baba amepunguzwa. Nilikuwa darasa la tatu. Nilimtazama kwa siku kadhaa nione amepungua wapi, nikamlinganisha na mlango, nikamwona yuko vilevile. Nilipomuuliza mama, alinituma dukani. Shirika lilifunga milango, vyombo vya bendi vikagawanywa na waliokuwa karibu na funguo, na baba akawa mtu wa kukaa nyumbani asubuhi, jambo ambalo sisi watoto tulilifurahia mpaka tulipoona mama halifurahii.

Katika miezi hiyo ndipo mjomba alipotoka Dar es Salaam na televisheni. Kituo cha televisheni hakikuwepo huku bara kote, lakini alikuja nayo pamoja na deki yake ya video, akaiweka juu ya meza ya bibi, mama yao, na kuifunika kitambaa cha kufuma. Aliponunua hakufikiria atatazama nini. Ukiiwasha peke yake ilitoa chenga na mlio wa mvua. Bahati ni kwamba deki ilikuwa na kanda moja iliyosahauliwa ndani, na jalada lake lilikuwa ndani ya boksi. Basi mtaa mzima ukawa na televisheni moja na kanda moja, na sote tukaitazama kanda ile karibu mwaka mzima.

Ilikuwa tamasha la mwimbaji mmoja wa Kizungu, mzee, wa ule muziki wao wa magitaa yanayopiga kelele. Nywele zake za mvi zilimfika mabegani. Alivaa suruali ya ngozi, na taulo shingoni ya kufutia jasho, na mbele yake kulikuwa na watu wengi kuliko ng'ombe wa mnada. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, kama ya mtu aliyeita mbuzi porini tangu asubuhi, lakini watu wale walilia kwa kumsikia. Bibi yetu hakupenda ile suruali, ila mvi aliziheshimu. Alituamuru tumwamkie. Kila kanda ilipoanza, mzee yule alitokea gizani, akainamisha kichwa, na watoto kumi na tano tuliokaa sakafuni tukasema kwa pamoja, "Shikamoo." Akafungua mdomo, akasema neno moja. Sisi tulisikia "marahaba", na mpaka leo sijui alisema nini.

Jina lake hatukulijua. Kwenye jalada lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa kuvurugika, kama sahihi ya daktari. Lililosomeka vizuri, kwa herufi nyekundu na kubwa, lilikuwa neno moja tu, LIVE. Sisi tulilisoma kama tulivyofundishwa kusoma, li-ve, mpaka mjomba alipotucheka. Alisema hilo ni la Kizungu na linasomwa laivu. "Ndiye huyu sasa," akasema, akimgonga mzee yule kifuani kwa kidole. "Laivu." Mjomba alikuwa amefika Dar, nani angembishia? Kuanzia siku hiyo yule mzee akawa Laivu kwa mtaa mzima, na baada ya mtaa, soko, na baada ya soko, shule. Watoto walijiita Laivu. Fundi mmoja wa cherehani alishona suruali ya turubai akaitwa Laivu mpaka alipohama mji.

Baba alikuwa anakaa nyuma, karibu na mlango. Mara mbili za kwanza alibaki pale pale. Mara ya tatu nilimwona amesogea mbele, viwiko magotini, midomo yake ikicheza. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alimwambia mama kwamba mzee yule anamzidi miaka ishirini, na bado anajaza watu. Alilisema tena tulipofika. Alilisema kesho yake wakati wa chai. Na baada ya wiki mbili hivi akasema anataka kufufua bendi.

Nilikuwa nachambua mchele, nilisikia yote. Mama hakumkatisha. Alimsubiri amalize, kisha akamwambia kwamba kaka yake Shabani anahitaji mtu dukani, wa kusimamia mabeseni na ndoo, na ameshamngojea mwezi mzima kwa sababu ya undugu. "Jumapili moja, Baba Mwanaidi," mama alisema. "Wakija watu, imba mpaka ufe. Wasipokuja, Jumatatu uko dukani, na nisisikie tena habari ya bendi humu ndani." Baba akakubali. Nadhani wote wawili walijua kwamba ile ilikuwa hukumu, ila kila mmoja alidhani itamwangukia mwenzake.

Akamtafuta Athumani, mpiga gitaa wake wa zamani, ambaye siku hizo alikuwa fundi baiskeli sokoni. Wakaazima ngoma, wakaazima spika na kipaza sauti, wakaomba ukumbi wa shirika, uliokuwa unakaa bure na popo wake. Baba mwenyewe akachora matangazo kwenye vipande vya boksi, kwa rangi nyekundu. Alikuwa na maneno yake ya kimuziki. Kwa wanamuziki, kupiga mbele ya watu ni kupiga laivu, na hivyo ndivyo walivyokuwa wakisema enzi zao, wakati watu wengine wa mji hawajawahi kulisikia neno hilo. Basi akaandika: LAIVU NA ZUMARI. JUMAPILI SAA TISA ALASIRI. UKUMBI WA SHIRIKA. Akabandika moja sokoni, moja stendi, moja karibu na shule yetu, na moja ukumbini kwenyewe.

Jumatatu ya wiki ile, kabla ya kengele, nilizungukwa. Zuhura, tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja, ndiye aliyeniuliza kwa niaba ya wote kama ni kweli Laivu anakuja. Na mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuulizwa kitu chochote na darasa zima, nilisema ni kweli. Sikudanganya. Tangazo nililiona baba akilichora. Laivu na Zumari, yaani wawili, kama vile Hasani na Huseni. Nilidhani baba ameandika barua. Nilidhani waimbaji wanajuana duniani kote, kama watu wa ukoo mmoja. Wakaniuliza atafikia wapi, nikasema kwetu. Nikaongeza kwamba bibi atampikia kuku.

Wiki ile mji haukuwa na habari nyingine. Baba alipita sokoni, watu wakamshika mkono, wakamwambia, "Zumari, tunasikia Laivu anakuja Jumapili." Baba akajibu ndiyo, Jumapili, msikose. Hapo ndipo Kiswahili chetu cha bara kilipotuponza. Mtu wa pwani angeshtuka, kwa sababu muziki haufiki kwa "a", mtu ndiye anayefika kwa "a". Lakini baba alizoea kusikia "gari anakuja" na "mvua amenyesha" maisha yake yote, na yeye mwenyewe alisema hivyo. Herufi ile moja ilimpita kama inzi. Mama angeidaka papo hapo, ila mama wiki ile hakwenda sokoni. Alikuwa amenuna, anangoja Jumapili iishe.

Jumamosi mchana nilimkuta baba nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji. Alikuwa anafanya mazoezi peke yake, taulo letu la kuogea shingoni. Alinyoosha mkono mmoja mbele, akauzungusha pole pole, kama yule mzee anavyofanya kwenye kanda. Sikucheka. Niliona kwamba ameupata kabisa. Nikamuuliza, "Baba, Laivu anafikia kwetu au kwa mjomba?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kisha akanivuta karibu. "Laivu si mtu, mwanangu. Laivu ni uso kwa uso. Mimi naimba hapa, na wewe unanisikia hapa hapa, si kwenye kanda. Yule mzee ana jina lake, mimi silijui. Kesho laivu ni mimi." Akajifuta uso kwa taulo ingawa hakuwa na jasho. "Haya, niambie. Huko mtaani wanasemaje?"

Nilielewa yote kwa mara moja. Watoto huelewa hivyo, hawapandi ngazi. Nilimwona Zuhura, nikaliona darasa, nikawaona watu wa soko na wa stendi, wote wamesimama wakimngoja mzee mwenye suruali ya ngozi, na nikajua kwamba hakuna hata mmoja anayemngoja baba yangu. Palikuwa na nafasi ya kusema. Tangazo lingeweza kufutwa, hata usiku ule, kwa kipande cha mkaa. Lakini alikuwa ananitazama kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu apunguzwe, na mimi ndiye niliyetakiwa kuufunga.

"Wanasema watakuja wote, baba."

"Wote?"

"Wote. Hata walimu."

Lilikuwa jambo la kweli, kila neno. Akanishika kichwa kwa kiganja chake chote, akaniachia, akarudi kwenye mazoezi. Nikajifariji kwamba wakishaingia na kumsikia, watamsahau yule mwingine. Nilikuwa na miaka tisa na nilidhani sauti nzuri inatosha.

Walijaa. Hilo sitalikana kamwe. Saa nane na nusu viti vilikuwa vimekwisha, watu wamekaa chini, wengine madirishani. Walikuja waliovaa kanzu na waliotoka kanisani na Biblia zao, walikuja hata wenye baiskeli kutoka vijijini. Mama aliingia na ushungi wake mpya, akasimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta kiti. Niliuona uso wake ukibadilika. Alimtazama baba, aliyekuwa anafunga waya wa kipaza sauti, kama anayemwomba radhi kwa mbali. Kwa dakika zile chache mama yangu aliamini tena, na hilo pia nimelibeba.

Baba aliimba nyimbo nne. Ya kwanza ilikuwa ile yake ya zamani, ya mke anayesubiri lori la mizigo. Sauti ilipanda, ikakaa. Watu walimpigia makofi mazuri, mama mmoja akapiga vigelegele, na Athumani, mikono yake bado ina grisi, alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Walikuwa wanamstahi. Walidhani anawachangamsha wakati mgeni anavaa. Wimbo wa tatu ulipoanza niliona vichwa vinageukia mlango wa nyuma. Wimbo wa nne uliimbwa juu ya minong'ono. Ulipokwisha, mzee mmoja wa soko, muuza ngozi anayeheshimika, alisimama akakohoa.

"Zumari, ahsante, umetuburudisha," alisema kwa upole. "Sasa tunaomba umpishe Laivu."

Baba akacheka kwenye kipaza sauti. "Laivu ndiyo hii, mzee wangu."

"Hatusemi hii. Tunasema huyu."

"Huyu nani?"

Mzee yule akaonyesha kwa mikono, mvi hadi mabegani, taulo shingoni. Watu wakaitikia nyuma yake, Laivu, Laivu, kwanza kwa utani, kisha si kwa utani. Baba alikuwa bado anatabasamu, lakini macho yake yalitoka kwa mzee, yakaenda kwenye boksi la tangazo lililobandikwa ukutani, yakalisoma. Nilimwona akilisoma. Alilisoma kama linavyosomwa na wengine, akafika kwenye "na", akasimama hapo. Kisha akashusha kipaza sauti akakilaza juu ya kiti kwa uangalifu, kwa sababu kilikuwa cha kuazima.

Watu walianza kupaza sauti kwamba wametapeliwa. Kuna waliotoka mbali, na jua lile. Mjomba Shabani ndiye aliyeokoa hali, na alifanya hivyo kwa nia njema, sitaki mtu amseme. Alipanda jukwaani akasema mgeni amepata udhuru wa safari, lakini hakuna atakayeondoka bila kumwona. Akamnong'oneza baba. Baba akatikisa kichwa kukubali. Wakatoka wanaume wanne, baba mmoja wao, wakarudi na televisheni ya bibi imefunikwa kitambaa chake, wakaiweka jukwaani, mahali alipokuwa amesimama akiimba.

Soketi ya ukumbi ilikuwa imelegea. Plagi ilikuwa inadondoka, picha inakatika, watu wanaguna. Lazima mtu aishike. Baba akachuchumaa ukutani akaishika. Aliishika tamasha zima, mwanzo hadi mwisho, bega limeegemea rangi iliyobanduka, akiitazama sakafu. Waliokaa nyuma hawakuona kitu, maana kioo kilikuwa kidogo, lakini walikaa. Watu wa kwenye kanda walipopiga makofi, ukumbi ulipiga makofi. Nami nilipiga, kwa mazoea, mpaka mama aliponikamata mikono akaibana magotini mwangu.

Tulirudi nyumbani jua linazama, baba na mjomba wamebeba televisheni, kisha mjomba akaichukua mwenyewe kwenye toroli, tukabaki watatu. Mama alitangulia. Baba alitembea polepole ili nimfikie. Aliniuliza bila kunitazama, na bila hasira, kama anayeuliza saa.

"Mwanaidi. Ulijua kwamba wanamngoja yule?"

"Sikujua, baba."

Tukapita nyumba mbili. "Ndiyo," akasema. "Ungejua, ungeniambia."

Jumatatu akaenda kuuza mabeseni. Aliyauza miaka mingi, kwa unyenyekevu uliowafurahisha wateja, na sikumsikia akiimba tena, si msikitini, si bafuni, si harusini kwangu nilipomwomba mbele za watu. Mama alitangulia kufariki, na baba akahamia kwangu, akaishi nami miaka kumi na moja. Wakija wageni, alikuwa ananiita sebuleni, ananishika mkono, anawaambia maneno yale yale, kwamba ana watoto wengine, anawapenda, lakini huyu hajawahi kumficha jambo. Wageni walikuwa wananisifu. Nami nilikuwa nawauliza chai yao wanataka ya maziwa au ya rangi.